Ramani Iliyokatwa Mikono

Siku karani wa ofisi ya ardhi alipoleta suruali yake ipunguzwe kiuno, alikuwa na mzigo mwingine kwapani: bunda la karatasi lililoviringishwa, refu kuliko mkono wake.

"Mama Futi," alimwambia fundi, "hizi ni ramani za zamani. Tumeambiwa tuzichome, maana mpya zote ziko kwenye kompyuta. Mimi nilipozigusa nikasema, loo, karatasi hii si ya moto, hii ni ya mkasi."

Mama Futi aliigusa kwa ncha za vidole, vile anavyogusa kitambaa kabla hajaulizia kimetoka wapi. Karatasi ilikuwa nzito, na mgongoni imebandikwa kitambaa chembamba cha pamba. Haichaniki, haijikunji, na pini ikiipenya haiachi ufa. Kwa fundi aliyekuwa akikatia nguo kwa magazeti na maboksi ya sabuni miaka thelathini, hiyo ilikuwa bahati ya mtende. Suruali ya karani ilipunguzwa siku ileile, akaongezewa na kifungo cha akiba kwa ndani.

Jina la Mama Futi lilitokana na tepu ya kupimia isiyotoka shingoni mwake. Alikwenda nayo sokoni, alikwenda nayo kutazama wagonjwa. Mumewe, ambaye alikuwa kinyozi, alipenda kusimulia kwamba siku ya harusi yao aliivua shingo upande, na picha ilipopigwa tepu ilikuwa imesharudi.

Wawili hao walifanya kazi katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa ukuta wa mbao. Upande huu cherehani, meza ya kukatia na rafu ya vitambaa vya wateja. Upande ule kiti cha kuzunguka, kioo chenye ufa pembeni, na mashine ya kunyolea inayonguruma kutwa. Mbao zilikuwa zimesinyaa kwa jua, hata kati ya ubao na ubao kichana kingepita. Kwa hiyo hapakuwa na mazungumzo ya upande mmoja. Mwanamke aliyekuja kupimwa nyonga na kulalamika juu ya shemeji yake, alijibiwa na mtu asiyemwona, aliye na povu kidevuni.

Mlangoni, kwenye kigoda, alikaa mama yake Mama Futi, mwanamke wa miaka sabini na saba, wembe wa kufumulia mkononi. Kazi yake ilikuwa kufumua mishono mibovu na kushona vifungo. Kazi yake ya pili ilikuwa kusimulia. Na katika masimulizi yake yote, moja ndilo lililowatia watu kicheko kuliko mengine: kwamba alipokuwa na miaka minane, kule kijijini kwao, ndege ilishuka nyuma ya nyumba yao, yeye akapandishwa ndani, akapaa nayo.

Kwao! Mahali ambapo hata basi halifiki. Linageuzia kilomita nane kabla, dereva akasema mwisho wa gari ni hapa, mwenye miguu aitumie. Ndege ingefuata nini?

Aliyecheka zaidi alikuwa Wifi, dada mkubwa wa kinyozi. Huyu alikuwa muuguzi mstaafu, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha wodi, aliyezunguka vijijini na boksi la chanjo kwa pikipiki mpaka akastaafu, na alipostaafu akarudisha boksi tu. Pikipiki alikuwa amejinunulia yake. "Mama," alikuwa akimwambia yule mzee, "siku ile ulipopita angani juu ya kwetu, mbona hukupunga mkono? Au mlikuwa na haraka?"

Mama naye hakuwa mtu wa kushindwa. "Nilipunga. Wewe ulikuwa bado hujazaliwa, utajuaje?"

Basi miezi ikapita, Mama Futi akikata ramani. Alikata kola, akakata migongo ya sare za shule, akakata kiuno cha sketi ya mwalimu mkuu, na kila kipande alikiandika kwa kalamu nyekundu na kukitia kwenye mfuko uliotundikwa msumarini. Michoro hakuitazama. Kwake ilikuwa uchafu wa karatasi tu, kama maandishi ya "weka mbali na maji" kwenye maboksi ya sabuni.

Asubuhi moja alitandika karatasi nyingine mezani ili akate gauni la mtoto. Chaki ilikuwa imeshagusa karatasi alipoona mstari wa buluu uliojikunjakunja, na juu yake, kwa herufi ndogo zilizoinama, jina la mto. Lilikuwa limeandikwa vibaya, kama lilivyosikika kwenye sikio la mgeni, lakini lilikuwa jina la mto aliokuwa akiteka maji utotoni, alipopelekwa likizo kwa bibi yake.

Chaki ikasimama.

Akafuata mstari kwa kidole. Hapa unapiga kona kubwa. Ndiyo, pale pa kona palikuwa na mawe ya kufulia. Hapa kijito kinaingia kutoka kushoto, ndiyo. Na hii mistari ya kahawia iliyozungukana kama alama za dole gumba ni nini? Akaitazama, akaitazama, na mara akaielewa bila kufundishwa na mtu. Fundi wa nguo kazi yake si ndiyo hiyo? Kuchukua kitu bapa na kukipa kifua na mabega. Palipobanana mistari kama marinda ni mteremko mkali. Ilipolegea kama gauni la mjamzito ni tambarare. Aliona kilima cha nyuma ya kwa bibi kikisimama juu ya meza yake, na alikijua mpaka upande wenye utelezi.

Alipiga ukelele. Upande wa pili mashine ikazimwa.

"Sindano imekuchoma?" kinyozi aliuliza kwenye upenyo.

"Njoo! Njooni! Kwetu kuko mezani!"

Kinyozi akaja, na nyuma yake akaja mteja wake, fundi mabomba, kitambaa shingoni, kichwa kimenyolewa nusu. Mama naye akasogeza kigoda. Pembeni mwa karatasi kulikuwa na maelezo, na fundi mabomba, aliyekuwa na macho mazuri kuliko wote, akayasoma kwa sauti: ramani imechorwa kutokana na picha zilizopigwa kutoka angani, mwaka elfu moja mia tisa hamsini na sita.

Kila mmoja alikuwa akipiga hesabu.

"Mwaka huo," mama alisema taratibu, huku akiendelea kufumua pindo, "mimi nilikuwa na miaka minane."

Hapo kichwa cha Mama Futi kikaanza kuwaka moto. Akarudi mezani mbiombio, kidole kikapanda na mto, kikavuka kijito, kikakikaribia kijiji chao chenyewe, na kikaangukia kwenye meza tupu. Karatasi ilikatika hapo. Ilikuwa imekatwa kwa mkasi, mviringo safi wa kitaalamu, na aliyeukata alikuwa yeye.

"Nimekikata kijiji," alisema. "Jamani, nimemshonea mtu!"

Mfuko ukashushwa msumarini na kumwagwa sakafuni. Vipande sitini na kitu, vyote vya umbo la mwili wa binadamu. Wote wanne wakapiga magoti. Wifi alipofika kuomba shati la mpwa wake lirudiwe, alimkuta kaka yake ametambaa chini ya cherehani, mama yuko katikati kama mwenyekiti, na mtu mwenye nusu kichwa akilia kwamba ameona zahanati ya zamani ya kwao kwenye kola, ile ambayo babu yake alisema alifanya kazi ndani yake na watu wakamwita mwongo.

"Mmelogwa au mmelewa?" Wifi aliuliza.

"Wifi, piga magoti utafute," Mama Futi alimwambia. "Ukiona mto wenye kona kama kiwiko, sema."

Wifi alipiga magoti, kwa kulalamika. Na ndiye aliyekiona. Alikitoa chini ya rundo kipande kikubwa kilichofura kama puto, na juu yake kwa kalamu nyekundu kiliandikwa: *Wifi, kustaafu, mkono.*

"Huu si mkono wa gauni langu?"

Ndio wenyewe. Kwa sherehe ya kustaafu Wifi alitaka mikono mikubwa, mikubwa kuliko ya mtu yeyote atakayekuwepo ukumbini, na mikono hiyo ilikuwa imemeza kaskazini yote ya wilaya. Mama Futi aliuchukua ule mkono, akauweka mezani kwenye pengo lake, ukakaa sawasawa. Mto ukaunganika na mto, kilima na kilima. Na juu kidogo ya kijiji, penye mistari iliyolegea, kulikuwa na vistari viwili vyeusi vya vidoti vilivyokwenda sambamba, na pembeni yake maneno matatu: kiwanja cha ndege.

Mama Futi alivua tepu shingoni. Sentimita mbili za karatasi zilikuwa kilomita moja ya ardhi. Hilo liliandikwa chini. Akapima. Kiwanja kilikuwa na urefu wa tundu la kifungo cha koti, yaani mita mia tisa.

Wifi alitazama karatasi, akamtazama mama, akatazama tena karatasi.

"Kumbe," alisema mwishowe, "nimecheza ukumbini kutwa nzima na uwanja wa ndege begani."

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka kwa muuza vyuma ng'ambo ya barabara, naye akaja kuuliza kulikoni. Fundi mabomba alirudi kunyolewa nusu ya pili baada ya saa mbili. Mama hakucheka sana. Alikata uzi kwa meno, akasema tu, "Nilisema," kisha akainamia kifungo chake.

Jumamosi iliyofuata, wifi wawili walipanda pikipiki. Wifi mbele, helmeti na miwani ya jua. Mama Futi nyuma, mkono wa karatasi umefungwa kwenye mfuko wa nailoni na kubanwa baina ya tumbo lake na mgongo wa dereva. Kinyozi alisimama mlangoni akiwasihi waende polepole. Walikuwa na miaka mia moja na kumi na sita wakijumlishwa, na hawakumsikia.

Walipofika pale basi linapogeuzia, lami iliishia. Ramani ilionyesha barabara mbili. Ya kushoto ndiyo inayotumika leo, ya kulia ilikuwa kijinjia cha mbuzi kati ya vichaka.

"Hii ya kulia ndiyo iliyokuwa barabara," Mama Futi alisema sikioni mwa Wifi. "Tazama, imechorwa nene."

"Ilinenepa zamani! Sasa imekonda!"

"Twende nayo!"

Wakaenda nayo. Matawi yaliwapiga, gauni la Mama Futi likajaa upepo, na kila walipofikia kitu kilichokuwemo kwenye ramani alipiga kelele kama mtu aliyeona ndugu. Daraja! Lilikuwa nguzo mbili za mawe tu, mto umelihama. Josho la ng'ombe! Lilikuwa bado lipo, limejaa majani, na chura mmoja mnene akiwatazama kwa dharau. Shule! Hapakuwa na shule, lakini kulikuwa na ngazi tatu za saruji zinazopanda kwenda pasipo na kitu. Wifi alizima pikipiki, akazipanda zote tatu, akasimama juu akiwa na helmeti yake, akageuka.

"Darasa! Kaeni!" aliamuru vichaka.

Mama Futi alicheka mpaka akakaa chini mwenyewe. Hakukumbuka mara ya mwisho alipocheka namna hiyo bila mteja kusubiri. Miaka thelathini alikuwa akiijua wilaya yake kwa vipimo vya viuno vya watu wake. Leo alikuwa akiipima yenyewe, na ilikuwa na mwili, na mwili huo ulikuwa na makovu, na kila kovu lina kisa.

Walipokipanda kile kilima na kushuka upande wa pili, walikuta nyumba ya bati na mwanamke wa makamo akianua nguo.

"Hodi mwenyewe."

"Karibuni, mama zangu. Mmepotea?"

"Hatujapotea kabisa," Wifi alisema kwa fahari. "Tunatafuta kiwanja cha ndege."

Mwanamke alicheka kwa adabu, kama mtu anavyomcheka mkubwa aliyechanganyikiwa na jua. "Hapa? Hapa kuna mbuzi na mimi na mume wangu. Ingawa shamba letu hili la nyuma wenyeji wanapaita kwa ndege."

Wifi wawili wakatazamana.

"Kwa nini kwa ndege?" Mama Futi aliuliza.

"Tuliambiwa zamani walikuwepo ndege wengi sana, wanaokula nafaka."

"Na sasa wako wapi?"

Mwanamke akafikiri. Akatazama juu. "Kusema kweli, tangu niolewe hapa sijawahi kumwona hata mmoja."

"Na shamba hilo linalimika vizuri?"

"Hapana, mama. Ardhi yake ngumu kama sakafu, jembe linalia. Tumewaachia mbuzi."

Mama Futi alikuwa hasikilizi tena. Alikuwa akitazama mlingoti wa kamba ya nguo. Ulikuwa chuma kirefu mno kwa kuanikia, kirefu kuliko paa, na juu kabisa kilikuwa na duara la chuma, limelala ubavu, lenye matundu madogo pande zote kwa nafasi sawasawa.

"Ule mlingoti mliuleta wapi?"

"Tuliukuta."

"Yale matundu ni ya kupitishia uzi," Mama Futi alisema. "Wifi, pale palishonewa kitambaa. Kuna fundi mwenzangu alishona kitu pale."

Wifi ndiye aliyejua ni kitu gani, kwa sababu aliwahi kusubiri dawa kwenye viwanja vya ndege vya mikoani: soksi ya upepo, ule mfuko mrefu wa kitambaa unaomwonyesha rubani upepo unakotoka. Na yule mwanamke aliposikia hivyo alijipiga paja, akawavuta jikoni. Mafiga yake, mawe yaliyozunguka bustani yake ya mboga, jiwe la kuzuia mlango: yote yalikuwa na chokaa kuukuu upande mmoja. Aliyaokota shambani, alisema, ambako mengine bado yalikuwa yamepangwa kwa mstari na hakujua yanamsubiri nani.

Wanawake watatu walitembea kiwanja hicho kuanzia mwanzo hadi mwisho, Mama Futi akihesabu hatua. Walipofika mwisho wakashikana mikono na kurudi mbio, au angalau walianza mbio. Goti la Wifi lilikataa katikati, wakamalizia kwa kuburutana na kucheka, huku mbuzi wakikimbia mbele yao kwa hofu.

Kabla ya kuondoka Mama Futi alimpandisha mwenyeji wao kwenye paa, jirani na mlingoti, akampa tepu, akapata mzingo wa lile duara. Wiki nzima hakugusa nguo ya mteja. Alishona soksi ya upepo kwa kitambaa cha turubai jepesi, milia ya rangi ya chungwa na nyeupe, mishono miwili miwili, na ilipokamilika ilikuwa ndefu kiasi kwamba mdomo wake ulikuwa kwa fundi na ncha yake imepenya mlangoni kwa kinyozi.

Jumapili wakampeleka mama. Fundi mabomba alitoa pikapu yake, mama akaketishwa mbele akiwa na gauni lake la bluu na viatu vya kufunga. Nyuma walipanda kinyozi, muuza vyuma, karani wa ardhi aliyekwishapata habari na kuona aibu kidogo, na wateja wawili ambao hawakuwa na sababu yoyote. Wifi na Mama Futi walitangulia na pikipiki. Kule kwa ndege watu wa kilimani walikuwa wameshakusanyika. Muuza vyuma akaupanda mlingoti, akaifunga soksi. Mwanzo ilining'inia kama suruali iliyoloa. Kisha upepo ukaja kutoka upande wa mto, soksi ikavimba, ikajinyoosha, ikaelekea kilimani, na watu wazima walipiga makofi kama watoto.

Mama alisimama akiitazama. Kisha akamshika binti yake mkono. "Twende tutembee kidogo. Wewe peke yako."

Walitembea wawili kati ya mawe ya chokaa. Wifi, ambaye maishani hakuwahi kuachwa nyuma na habari, aliwafuata hatua tano nyuma akijifanya anakagua majani.

"Mwanangu," mama alisema, "ile ndege haikupaa."

Mama Futi alisimama. "Haikupaa vipi?"

"Ilikimbia. Ilitoka hapa ikaenda mbio hadi kule kwenye kichuguu, ikageuka, ikarudi. Fundi wao alikuwa akiyajaribu magurudumu, akanipandisha kwa sababu nililia sana. Mimi nilifumba macho tangu mwanzo mpaka mwisho. Niliposhuka wenzangu wakanizunguka: 'Umeona nini huko juu?' Wao walijaa vumbi machoni, hawakuona kitu. Ningewajibu nini? Nikawaambia mto ni kama uzi, na nyumba ni kama vifungo. Mwaka wa kwanza niliogopa kukanusha. Ulipofika mwaka wa kumi, nikawa naikumbuka kabisa."

Mama Futi alitaka kukasirika. Alikuwa amekata matawi kwa uso wake, amelaza nguo za wateja, ameshona mita nne za turubai. Lakini kicheko kilimwahi, kikampanda kutoka tumboni, akajikuta ameinama, machozi yanamtoka, na mama yake naye mabega yakaanza kutikisika. Alipopata pumzi alitoa ule mkono wa ramani kwenye mfuko wa nailoni.

"Mama, tazama. Waliopaa kweli ndio waliochora hii. Mto uko vipi?"

Mama akainamia. "Kama uzi."

"Na nyumba?"

Nyumba zilikuwa vidoti vyeusi, vya mviringo, vimetawanyika ubavuni mwa kilima. Mama alivitazama kwa muda mrefu. "Vifungo," alisema kwa mshangao. "Jamani! Kumbe ni kweli!"

Hapo Wifi alishindwa kuvumilia majani. "Mama, samahani, nimesikia yote. Nina swali moja tu, la kitaalamu. Wakati inakimbia, magurudumu yaligusa chini muda wote?"

Mama alifikiri kwa makini. "Katikati palikuwa na kibonde. Pale nilirushwa, kichwa kikagonga juu."

"Basi imetosha," Wifi alisema, kwa sauti ileile aliyotumia miaka yote kutangaza saa ya kuzaliwa kwa mtoto. "Umepaa. Muda haujalishi. Nakuomba radhi mbele ya binti yako, na sitacheka tena."

Aliongopa, maana alicheka njia nzima ya kurudi. Na mama, watu walipomzunguka pale penye mlingoti na kumwomba awasimulie, alikaa juu ya jiwe la chokaa, akalinyoosha gauni, akaanza tangu mwanzo. Safari hii aliongeza daraja, josho na ngazi za shule, vyote kwa mpangilio sahihi kama vilivyoonekana kutoka juu. Alikuwa ameitazama ramani vizuri.

Tangu hapo mkasi wa Mama Futi haukugusa ramani tena. Vipande sitini vilishonwa pamoja kwa uzi mweupe, kola kwa mgongo, mgongo kwa kiuno, na wilaya nzima ikatundikwa kwenye ule ukuta wa mbao, ikaziba upenyo; kinyozi akalazimika kuzunguka kwa mlangoni kusikia habari. Nguo akarudi kuzikatia maboksi ya sabuni. Karani akaleta ramani nyingine nne zilizokuwa zimebaki chini ya kabati la ofisi. Watu wakaanza kuja bila vitambaa: huyu anataka kujua kisima cha bibi yake kilikuwa wapi, yule anasema kwao palikuwa na kiwanda cha mbao. Jumamosi moja baada ya nyingine wifi wawili walikuwa njiani, wakirudi na miiba kwenye soksi na habari za kutosha wiki nzima.

Kisha, Jumanne moja mchana, yule mwanamke wa kwa ndege akaingia kwa fundi akihema.

"Mama zangu, mnisaidie. Tangu ile soksi ipande, kila apitaye njiani ananiuliza ndege inakuja lini. Nimeeleza mpaka nimechoka. Wiki iliyopita nikamjibu mmoja, kwa utani tu, nikamwambia Jumanne."

"Leo?" Mama Futi aliuliza.

"Leo. Wamekuja wanne. Mmoja ana begi. Mwingine ana jogoo, anasema ni zawadi ya mwenyeji wake huko aendako."

"Ukawaambiaje?"

"Nimewaambia imechelewa."

Wifi alikuwa ameshavaa helmeti. Mama Futi alichomoa ramani moja, wakapanda watatu, na walipofika waliwakuta wasafiri wameketi kwenye mawe ya chokaa kwa foleni nzuri, nyuso zimeelekea angani. Mama Futi alijua kwamba hawezi kuwaambia hakuna ndege. Badala yake akaitandika ramani juu ya nyasi, akaiwekea mawe pembeni, akamwuliza yule mwenye begi, mzee mfupi mwenye kofia, kwao ni wapi.

Mzee akamtajia. Mama Futi akamshika kidole, akakipeleka kutoka mtoni, kikapita josho, kikapanda mistari iliyobanana, kikatua kwenye doti moja jeusi lililojitenga na mengine.

"Hapo," alimwambia. "Nani alikaa hapo, peke yake hivyo?"

Mzee aliinama mpaka kofia ikaanguka. "Hapo?" alisema. "Hapo alikaa mjomba aliyegombana na kijiji kizima kwa ajili ya punda! Mnataka kusema wamemweka kwenye ramani?" Akasimama, begi mkononi, akaangalia upande wa kilima. "Lakini punda mwenyewe hakuwa na kosa. Njooni niwaonyeshe, si mbali."

Wote wakamfuata kwa mstari mmoja, Mama Futi na ramani mbele, mwenye jogoo nyuma, akiuliza huyo punda aliitwaje.